Grupu la msiba lisife baada ya arobaini: namna ya kuligeuza kuwa mfuko wa kusomesha wadogo zetu

Wakuu salaam. Hii naiandika kwa ajili ya wale mliosoma shule moja, mkatawanyika, na sasa hivi mnakutana WhatsApp pale tu mmoja wenu anapofariki. Mnachanga, mnakodi Kosta, mnazika, mnarudi, arobaini ikipita grupu linapoa mpaka msiba mwingine. Sisi tuliomaliza kidato cha sita 2005 tulikuwa hivyohivyo. Mwenzetu mmoja alipofariki, baada ya kulipa jeneza na usafiri na chakula, kwenye rambirambi ikabaki milioni moja na laki nne hivi, mtu mmoja akauliza jamani hii hela iliyobaki tunaifanyia nini. Yalitoka majibu mengi ila lililotunyamazisha ni la dada mmoja aliyesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), aliandika tu hivi: mnakumbuka huyu alivyofika chuo?

Tulikumbuka wote. 2005 ndo mwaka Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ilianza kazi, mwezi wa saba, mambo yalikuwa bado hayajakaa sawa, na jamaa alishuka Ubungo na tranka lake la bati na hela ya daladala tu mfukoni. Akabebwa hosteli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (waliopita pale wanajua kubebana, kitanda cha mtu mmoja mnalala wawili kichwa na miguu) karibu muhula mzima, anakula kwa zamu kwa wenzake. Baadaye alipopata kazi, dogo yeyote wa shule yetu akikwama Dar alikuwa anampigia yeye. Kwa hiyo tukakubaliana mfuko wa kumkumbuka ufanye kazi hiyohiyo aliyokuwa anaifanya, umshike mkono mtu kuanzia anapomaliza kidato cha sita mpaka asimame chuoni.

Nitaeleza tulivyofanya na tulipokosea, nyie chukueni kinachowafaa.

Anzeni nyumbani kwa marehemu

Kabla ya kutaja mfuko kwenye grupu, watu wawili watatu waende kwa familia. Sio simu, waende. Kuna maswali mawili, la kwanza mnaruhusiwa kutumia jina lake, la pili watoto wake wanasomaje. Hili la pili msilirukie hata kidogo. Huwezi kusomesha mtoto wa mtu usiyemjua kwa jina la marehemu wakati wa kwake karudishwa nyumbani kwa ada, hiyo sio kumbukumbu. Sisi tulimkuta shemeji yuko vizuri kwa wawili wakubwa, wa mwisho ndo alikuwa na deni la shule, tukalilipa kwanza kwenye ile ile rambirambi halafu ndo tukazungumza mengine. Shemeji mwenyewe ndo alichagua jina liandikweje, na mpaka leo yuko kwenye kamati, na ninawashauri na nyie muweke nafasi ya mtu wa familia kwenye kamati kuanzia siku ya kwanza.

Jueni hela inakwama wapi

Hapa ndo penye mzigo wote. Watu wengi wakisikia kusomesha wanafikiria ada, wanapiga hesabu ya ada ya miaka mitatu wanakata tamaa. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafika kidato cha tano na sita, kwa hiyo mtoto wa maskini siku hizi anaweza kufika mwisho wa sekondari. Baada ya hapo kuna mkopo wa Bodi, na mkopo unasaidia kweli, kuna ada na kuna hela ya kula na malazi elfu kumi kwa siku. Tatizo ni kwamba kati ya matokeo ya mwezi wa saba na siku dogo anapokula bumu lake la kwanza, yaani ile hela ya kujikimu ya Bodi, kuna bonde refu, na watoto wengi wa maskini wanapotelea mle, wala sio kwamba hawakufaulu.

Angalieni wenyewe. Kuomba mkopo ni elfu 30. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo (Zanzibar ni ZCSRA), kama ni yatima na cheti cha kifo cha mzazi nacho vilevile. Anatakiwa mdhamini mwenye kitambulisho, saini ya serikali ya mtaa au kijiji, muhuri wa wakili au hakimu, halafu vyote viskaniwe viingizwe kwenye mfumo, na intaneti kafe iko wilayani sio kijijini. Kuna ada za maombi ya vyuo. Wengine wakati dirisha liko wazi wako kambini JKT na simu hawana. Akishapangiwa mkopo anaweza kupata asilimia fulani tu ya ada, iliyobaki atafute. Akifika chuo kuna vitu vidogovidogo, bima ya afya 50,400, hela ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) elfu 20, hela ya serikali ya wanafunzi, kitambulisho, na bila kusajiliwa hasaini bumu, na bila kulipa hivyo vitu vyuo vingi havimsajili. Hapo bado hujaweka nauli kutoka Kigoma au Mtwara, godoro, ndoo, na wiki tatu nne za kula kabla hela haijaingia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kabisa, mfuko mdogo usishindane na Bodi. Uzibe yale matundu. Elfu 60 ya makaratasi mwezi wa saba inaweza kumpa mtoto mkopo wa miaka mitatu, wakati milioni moja na nusu ya ada mliyomlipia mtu mmoja inaisha mwaka mmoja. Na mumwambie ukweli pia kwamba mkopo unarudishwa, akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, asije kushangaa mbele ya safari.

Hesabu ya mwaka wa tatu

Sasa hesabu. Msihesabu walioahidi, hesabuni waliolipa miezi mitatu mfululizo. Sisi walioahidi elfu kumi kwa mwezi walikuwa 70 na kitu, waliokuwa wanalipa kweli ni 41. Hiyo ni laki nne na elfu kumi kwa mwezi, kwa mwaka milioni 4.92. Bajeti yetu kwa dogo mmoja ikawa milioni 1.2 mwaka wa kwanza (kuripoti, vifaa, kijalizo cha ada, mwezi wa kwanza) na laki nane kila mwaka unaofuata.

Watu wakasema basi tuchukue wawili kila mwaka. Piga: mwaka wa kwanza 2.4, mnaona nyingi imebaki. Mwaka wa pili wawili wapya na wawili wa zamani, 4.0, bado mnapumua. Mwaka wa tatu 5.6 na hela ni 4.92, imekatika, na atakayekatikiwa ni mtu yuko mwaka wa mwisho anaandika ripoti ya utafiti. Ukichukua mmoja kila mwaka, mwaka wa tatu mnatumia 2.8, mnaongeza makaratasi ya watoto kumi wengine kwa elfu 60 kila mmoja, ni laki sita, jumla 3.4, inabaki milioni moja na nusu ya akiba. Huu ndo mpango tulioufuata. Na kumbukeni sio digrii zote ni miaka mitatu, uhandisi ni minne, udaktari ni mitano, aliyechaguliwa udaktari anawagharimu 4.4 mpaka amalize na inabidi mjue hivyo siku mnamchukua.

Akiba msiiache ilale kwenye simu. Sisi tumeweka UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, inayohitajika karibuni iko Mfuko wa Ukwasi ambao ni rahisi kutoa, ya muda mrefu iko Umoja. Kuna siku mtatamani mfuko ujiendeshe wenyewe bila kudaiana kila mwezi, hiyo inawezekana ila ni safari ndefu, tuseme mtaji unakua kwa asilimia 10 kwa mwaka, kupata hiyo 2.8 bila kugusa mtaji mnahitaji milioni 28. Tulikubaliana kila anayepandishwa cheo au kulipwa mafao anatupia kitu kwenye mtaji. Wenzetu walioko nje ya nchi tuliwaambia wasihangaike na elfu kumi kila mwezi, makato ya kutuma yanakula, watume mara moja kwa mwaka.

Akaunti na usajili

Tulianza kwa hela kukaa kwenye laini ya mtu mmoja, mtu mwaminifu kabisa. Akaibiwa simu kwenye daladala, kurudisha laini na kupata salio ikachukua siku kadhaa, hela haikupotea hata mia, lakini zile siku maneno yaliyosemwa kwenye grupu yaliumiza na wengine walijitoa hawakurudi. Usimweke rafiki yako kwenye jaribu hilo. Fungueni akaunti ya kikundi benki, watia saini watatu, hela itoke kwa saini za wawili, na mtu wa nne ambaye sio mtia saini apate taarifa za akaunti kila mwezi.

Benki itataka cheti cha usajili, katiba, na muhtasari wa kikao kilichowateua. Kama ni wachache na hela ni ya kawaida, kikundi kilichosajiliwa halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii kinatosha kuanzia. Mkikua, mkitaka kupokea hela za makampuni au wafadhili, kuna usajili wa NGO chini ya sheria ya 2002, au bodi ya wadhamini inayosajiliwa RITA, hii ya wadhamini ndo naiona inafaa zaidi kwa mfuko wa kumbukumbu maana mali inakuwa ya bodi, sio ya watu, hata sisi tukiisha wote mfuko unabaki. Katiba isiwe ndefu, ila iseme wazi mambo matatu: nani anachagua mwanafunzi, hela inalipwa vipi, na ikitokea mfuko umekufa hela iliyobaki inaenda wapi.

Kumpata mtoto mwenyewe

Mkitangaza kwenye grupu leteni majina, mtaletewa wapwa na watoto wa majirani. Sio kwamba watu ni wabaya, kila mtu ana ndugu mwenye shida. Sisi tuliweka sheria kwamba jina linatoka shuleni tu, kwa mwalimu wa taaluma na matroni au patroni, kwa sababu matroni anajua nani likizo zote alibaki bwenini kwa kukosa nauli. Wanatoa majina sita, saba, kamati inaangalia matokeo NECTA kwa namba ya mtihani, awe na sifa ya kuingia digrii yaani prinsipo mbili (ufaulu kamili wa masomo mawili) na pointi nne kwenda juu, halafu tunakwenda nyumbani. Kaya ikiwa kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini ni ushahidi mzuri, na Bodi nayo inautambua.

Jambo moja nalisisitiza, msikimbilie wenye Division One za juu za sayansi peke yake. Wale wana milango, kuna Samia Scholarship iliyoanza 2022, Benki Kuu nayo ina mfuko wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kwa ajili ya waliofaulu sana. Wa kwetu ni yule wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) mwenye Division Two ambaye hakuna anayemwona.

Kwenda nyumbani ndo kazi kubwa. Nakumbuka mwaka wa pili tulikwenda mkoa wa Singida, tukatembea na bodaboda kama saa nzima kutoka lami. Binti alitukaribisha, bibi yake akatoa vigoda, halafu binti akaingia ndani akatoka na mfuko wa rambo umefungwa mafundo mawili, ndani kuna mfuko mwingine, ndani kuna vyeti vyake vyote vimenyooka kama vimetoka dukani. Nikavipanga juu ya mkeka kimoja kimoja. Cheti cha kuzaliwa jina la baba limeandikwa na herufi S moja, cheti cha kidato cha nne zimeandikwa mbili. Herufi moja tu. Alikuwa ameshatuma cheti kuhakikiwa, kikarudishwa, akadhani amekosa mkopo basi, akakaa kimya, alikuwa anajiandaa kwenda Dar kufanya kazi za ndani. Kilichohitajika ni hati ya kiapo kwa wakili na kurudia maombi kabla dirisha halijafungwa. Tulimaliza kwa siku mbili pale wilayani, jumla na nauli haikufika laki. Mkopo alipata. Sasa hivi ni mwalimu.

Tangu siku ile, tukienda nyumbani kwa mtu kitu cha kwanza ni vyeti, tunalinganisha majina herufi kwa herufi, kabla hata ya kunywa maji. Na siku hizi hatusubiri matokeo, mtu mmoja anakwenda shuleni mapema mwaka wa kidato cha sita, kabla ya mitihani ya mwezi wa tano, anakaa na darasa zima, sio wale wa mfuko tu, kila mtu anakagua cheti chake. Hii haitugharimu chochote zaidi ya nauli, na nikiambiwa nichague kitu kimoja katika yote tunayofanya nitachagua hiki.

Kulipa

Hapa tulikosea na aliyeumia ni mtoto. Wa kwanza kabisa tulimpa hela ya mwaka mzima mkononi, kwa imani. Mwezi uleule mama yake akalazwa, hela ikaenda hospitali. Nani angefanya tofauti? Lakini alipofika chuo hakuwa na kitu na aliona aibu kutuambia, tulikuja kujua muhula wa pili amekuwa akila mlo mmoja. Kosa lilikuwa la kwetu, tulimpa mtu wa miaka 20 hela yote mkononi, ukoo mzima unaiona, halafu tukategemea aseme hapana kwa mama yake.

Kwa hiyo gaweni. Kila kinacholipwa chuo lipeni wenyewe moja kwa moja, dogo anaingia kwenye akaunti yake ya chuo anatengeneza kontrol namba, yaani namba ya malipo, ile inayoanza na 99, anawatumia picha ya skrini, mnalipa kwa simu au benki, risiti inarudi kwake. Nauli na vifaa siku ya kusafiri. Hela ya kula kila wiki mbili mpaka bumu liingie. Halafu tengeni kiasi kidogo cha dharura ya familia, laki moja hadi mbili kwa mwaka, mumwambie ipo na aiombe bila kujieleza sana, ili hela ya shule ibaki ya shule.

Mpeni pia mtu. Yaani jina na namba ya mmoja wenu aliyeko mji uleule wa chuo, ampokee stendi, ampeleke kusajiliwa, amwalike ugali Jumapili moja moja. Kama Bodi ikimnyima au ikimpa kidogo, mtu huyo ndo anakaa naye kuandika rufaa, dirisha la rufaa huwa fupi na watoto wengi hawajui kwamba lipo.

Picha za mtoto

Mtashawishika kupiga picha binti kashika hundi ya kadibodi, pembeni nyumba ya tope, mposti. Msifanye. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, yule mtu anakwenda kuanza maisha na watu wapya, hastahili umaskini wa bibi yake kumtangulia darasani. Kwenye ripoti tunaandika mwanafunzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, chuo, mwaka wa masomo, kiasi, basi. Kamati peke yake ndo inajua majina. Wachangiaji wanachohitaji kuona ni hela, kwa hiyo tarehe tano ya kila mwezi mweka hazina anatuma taarifa ya benki nzima kama ilivyo, zilizoingia na zilizotoka, hata mwezi ambao haijaingia hata shilingi. Sisi tangu tuanze kufanya hivyo hatujawahi kugombana.

Kama unataka kuanza leo, mesiji tuliyoituma sisi siku ile ilikuwa karibu hivi, badilisha unavyotaka:

"Ndugu zangu, poleni tena na msiba. Hesabu ya rambirambi ni hii hapa chini, risiti zote zipo. Imebaki sh. ....... Tumeongea na familia, wameridhia tuitumie kuanzisha mfuko kwa jina la ndugu yetu, kuwasaidia wadogo zetu wa shule yetu wanaofaulu kidato cha sita wakashindwa kufika chuo. Anayeweza kuchangia kila mwezi, kiasi chochote atakachokiweza hata mwezi mbaya, aandike jina na kiasi. Asiyeweza hela lakini yuko karibu na shule, au ni wakili, au anafanya kazi chuo chochote, aandike pia, tunamhitaji sana. Kikao Jumamosi saa kumi."